Kadi ya Pamba Aliyoniachia Masunga

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita Masunga aliponiacha. Sasa nina mvi, na bado nikiona mahali wanapopima pamba mimi huzunguka njia ya mbali. Ndugu wasomaji, nisikilizeni, kisha mnicheke mkitaka... nastahili.

Tuliishi karibu na Kharumwa. Masunga aliacha kulima, akaenda Geita kutafuta dhahabu, akarudi na mwanamke mwingine. Mahakama ya mwanzo ikatupa talaka. Wazee wakaamua kwamba baba yangu arudishe ng'ombe sita wa mahari, nami niondoke na binti yetu Limi, aliyekuwa na miaka mitatu. Kwetu walipatikana wanne, na zizi likabaki tupu. Wawili niliahidi kuwanunua mwenyewe pamba ikiuzwa. Nikishindwa, Limi angerudi kwa baba yake.

Siku ninaondoka, Masunga alinipa kadi yake ya chama cha ushirika.

"Kaa nayo, Mama Limi," alisema kwa upole. "Itakusaidia kupata mbegu."

Upole ule! Mtu aliyenifukuza kama mbwa aliutoa wapi? Sikujiuliza.

Kaka yangu Maganga alinihimiza niipeleke hati ya talaka kwa karani wa chama, niandikishwe upya kwa jina la baba yetu. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu. Sikwenda. Niseme ukweli? Niliona haya. Chamani na dukani nilijulikana kama mke wa Masunga, nikipewa chumvi na mafuta ya taa kwa mkopo bila maswali. Mwanamke aliyeachwa nani angemkopesha? Nikaificha hati ndani ya sanduku, nikaendelea kuwa mke wa mtu asiyenitaka.

Nililima ekari tatu kwa jembe la mkono. Nilipalilia nikiwa na homa, Limi amelala pembeni juu ya kanga yangu. Pamba ilikubali. Ilipopimwa kwa kadi ile ya Masunga, karibu yote ilikuwa daraja la kwanza, nami nikapiga hesabu kichwani: ng'ombe wawili, na gauni la mtoto juu yake...

Dirishani karani alinihesabia shilingi nne.

Nilidhani ananitania. Akanigeuzia daftari. Miezi miwili baada ya talaka yetu, Masunga alikuwa amechukua plau na dawa ya pamba kwa mkopo, na yeye hakuleta hata gunia moja. Deni lote lilikatwa kwenye pamba yangu. Nililia, nikamwambia karani kwamba mimi si mke wake tena.

"Tangu lini, mayu?" aliniuliza, akiniita mama kwa lugha ya kwetu. "Msimu mzima unaweka dole gumba hapa kama mke wake."

Nilikimbia nyumbani kuchukua hati. Aliisoma yote, akanirudishia. Alisema nilipaswa kuileta kabla ya kupima.

Siku ya tatu Masunga alikuja na wazee wawili. Hakugombana na mtu. Aliuliza ng'ombe wawili wako wapi, akangoja, ilhali jibu alikuwa nalo. Kisha akanishukuru kwa plau! Alisema mke wake ameipenda sana. Baba yangu aliinamisha kichwa. Limi alidhani anapelekwa matembezini, akanipungia mkono akiwa mabegani mwa baba yake.

Wiki iliyofuata nilibadilisha jina. Karani alimaliza kuandika kabla sijakaa vizuri kwenye benchi.

Dada zangu, mkiachwa, msibaki na jina la mwanamume kwa ajili ya kuheshimiwa. Nendeni kote mlikokopa, chamani, dukani, hata kwa fundi cherehani, mkaseme kwa vinywa vyenu kwamba ndoa imekwisha. Lipeni yenu. Yake mwachieni mwenyewe, siku ileile.

Na kama bado unaona haya, jua hili. Nilipopata nauli na moyo wa kwenda kumwona Limi, alikuwa na miaka tisa. Aliniamkia vizuri, shikamoo, kwa kupiga magoti kama alivyofunzwa. Kisha akageukia jikoni akaita, "Mama, kuna mgeni."