Kona Yangu Haitaki Oili

Kwetu Buyenzi kunakucha kwa nyundo. Chai haijachemka bado, mafundi wa garaje wameshaanza kugonga vyuma. Mimi naitwa Kaltum, nimezoea. Nafagia ua, nawapa watoto chai na mkate, wanaenda shule. Wakishaondoka, naenda kwenye kona yangu.

Kona yangu iko nyuma ya jiko, karibu na ukuta. Upana wake ni kama mkeka mmoja. Nyumba ni ya mama mkwe wangu, Bibi Dalia. Jiko ni lake, bomba la maji ni lake, hata kiti cha mlangoni ni chake. Mimi nilipata ile kona tu. Nilipanga hapo mifuko ya udongo nikapanda lengalenga, ule mchicha wetu. Naipenda ile kona. Mtu akitaka kuinyang'anya, atanikuta nimesimama.

Lakini mwaka huu lengalenga ilianza kuwa ya manjano. Majani yalikuwa madogo, watoto wanakula mboga kidogo na kuomba tena. Udongo ulikuwa umechoka. Na maganda ya viazi na ndizi tulikuwa tunayatupa mtaroni. Yanaoza hapo, nzi wanajaa.

Ndipo Mama Léoncie aliponipa minyoo. Mama Léoncie ni agronome, mtaalamu wa kilimo, anakaa mtaa wa Jabe, anafundisha wanawake kulima mboga mjini. Aliniletea minyoo myekundu kwenye kopo.

"Hii si minyoo ya tumbo," aliniambia. "Hii ni ya udongo. Inakula maganda yako, inatoa mbolea. We uipe kitanda kizuri tu."

Mume wangu, Tajudini, ni fundi wa magari. Alichukua ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko. Akaitoboa kwa msumari wa moto: matundu ya juu yapitishe hewa, ya chini yatoe maji. Tukaweka ndoo juu ya matofali, kivulini. Ndani tukatandika vipande vya kartoni vilivyoloweshwa. Minyoo ikakaa, ikala, ikanenepa.

Kisha kartoni zikaisha. Nikamwambia Tajudini, "Mama Léoncie alisema hata unga wa mbao unaweza kusaidia."

Jioni akarudi na mfuko mzima kutoka garaje. Ule unga ulikuwa mweusi, laini, kama udongo mzuri. Nikamshukuru mume wangu. Nikaumwaga wote ndani ya ndoo.

Baada ya siku chache, asubuhi, Bibi Dalia alienda bombani kutia udhu. Nikasikia sauti yake.

"Kaltum. Kuja hapa."

Minyoo ilikuwa inatambaa juu ya saruji. Mingine imekauka, mingine inaelekea bombani. Bibi Dalia hakupiga kelele. Mama mkwe wangu akikasirika anashusha sauti, na hapo ujue mambo yameharibika.

"Hii ni nini?"

"Ni minyoo yangu, mama. Imetoka kwenye ndoo."

"Minyoo ni ya kaburini. Mi natia udhu, inanipanda mu miguu. Na ile ndoo inanuka. Unasikia?"

Nilisikia. Ilikuwa inanuka vibaya.

"Wiki hii tunasoma hitma ya marehemu mume wangu," akasema. "Ndugu wote watakuja. Sitaki waseme Dalia anafuga wadudu. Mbele ya hitma, kabla hawajafika, ile ndoo itoke. Na mifuko itoke pia. Pale tutaweka masufuria ya pilau."

Kuhusu ndoo, ningeweza kumeza mate nikanyamaza. Lakini mifuko yangu?

"Apana, mama," nikasema.

Tangu baba mkwe afariki, hakuna mtu aliyewahi kumwambia Bibi Dalia apana. Watoto waliacha kula mkate.

"Umesema nini?"

"Nimesema apana. Mi nakuheshimu, mama, lakini kona sitoi. Ile harufu nitaimaliza mbele ya hitma. Siku ile ikinuka hata kidogo, nitabeba ndoo na mifuko mi mwenyewe. Isiponuka, kona inabaki yangu."

Alinitazama sana.

"Tutaona," akasema.

"Tutaona," nikajibu.

Nikatembea hadi Jabe. Mama Léoncie akaja siku hiyo hiyo. Yeye si mtu wa maneno matamu. Alimwaga kila kitu cha ndoo juu ya plastiki. Akachukua ule unga mweusi, akauleta karibu na pua yangu.

"Nusa. Hii ni harufu ya nini?"

"Oili."

"Oili ya moteri. Tajudini, we ulitoa wapi huu unga?"

Tajudini akakuna kichwa. "Chini, mu garaje. Oili ikimwagika, tunatupia unga wa mbao unainyonya. Kisha tunafagia. Mi niliona ni mbao tu."

"Bon. Na we ukitandikiwa godoro limejaa mazuti ya gari, utalala?"

"Nitatoka."

"Voilà. Nayo imetoka. Munyoo anapumua na ngozi. Ukimpaka oili, umemuziba pua. Nilisema unga wa mbao unasaidia, ndiyo. Lakini utoke kwa seremala, uwe safi, mbao isiwe na rangi wala dawa. Na unaweka kidogo tu, unachanganya na vingine. Peke yake unashikana, hewa haipiti."

Akaendelea kuchambua kwa kijiti. Akasimama.

"Na hivi vichwa vya samaki, vya ndagala, nani aliviweka?"

Mimi sikuviweka. Tajudini hakuviweka. Bibi Dalia alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mlangoni, akaanza kuvuta tasbihi haraka haraka, anatazama ukuta.

"Basi, aliyeviweka anisikie," Mama Léoncie akasema, naye hakumtazama mtu. "Ndagala apana. Nyama apana. Mafuta na chakula chenye chumvi apana. Hivyo ndivyo vinanuka. Pilipili na ndimu pia haipendi. Mupe maganda ya viazi, ya ndizi, majani ya chai, maganda ya mayai yaliyosagwa. Mupe kidogo, kisha ufukie chini ya matandiko. Ukiacha juu, nzi watakuja."

Tuliokota minyoo iliyobaki hai, mmoja mmoja, tukaitia kwenye kopo. Haikuwa mingi. Niliona huruma, kisha nikaona hasira. Nikaosha ile ndoo kwa sabuni na maji mengi mpaka harufu ya oili ikaisha.

"Sasa utafute matandiko," Mama Léoncie akaniambia. "Kartoni isiyong'aa. Toa skochi, ile karatasi ya gundi, na pini. Majani makavu ya mugomba pia ni mazuri sana. Lakini we unakaa Buyenzi. Hapa kila kitu kimeguswa na oili. Nusa kwanza."

Kwa hiyo nikazunguka madukani. Kwetu maduka ya vipuri yamejaa, na kila duka lina kartoni. Nilikuwa nachukua kartoni, naiweka puani, nanusa, naiacha au naibeba. Watu walicheka. Majid, mwenye duka la filta, aliita wenzake waje kutazama.

"Mama Minyoo amekuja kununua manukato," akasema.

"Ndiyo, na ya kwako yananuka vibaya," nikamjibu. "Hii kartoni ilibeba oili. Nipe ile ya filta, pale juu. Na ukome kucheka, mkeo ataniomba lengalenga."

Akanipa, na bado anacheka. Mi sikujali. Aliyekuwa na kitu cha kupoteza ni mimi.

Nyumbani nilichana kartoni vipande vidogo. Nikaongeza majani makavu ya mgomba niliyokatakata. Nikalowesha yote, kisha nikakamua kama ninavyokamua kitambaa cha kudekia. Mkononi inabaki baridi, lakini maji hayachuruziki. Nikachambua iwe nyepesi, nikajaza ndoo zaidi ya nusu. Nikatupia udongo wa kiganja kimoja, kwa sababu munyoo anahitaji mchanga kidogo wa kusagia chakula tumboni. Halafu nikarudisha minyoo yangu. Ikazama yote, ikajificha.

Siku ya hitma ua ulijaa. Wanaume walisoma sebuleni, wanawake tulikaa uani. Masufuria ya pilau yaliwekwa kando ya bomba, kwa sababu kona ilikuwa na mwenyewe. Bibi Dalia alikuwa amepita pale asubuhi mara nyingi, anavuta pumzi kwa pua.

Shangazi Zaituni, dada wa marehemu, alitoka Bwiza. Macho yake hayapitwi na jambo.

"Dalia, ile ndoo ya nini?"

Wanawake wote wakageuka. Bibi Dalia akanitazama. Kama ningenyamaza, angesema ni takataka na jambo lingekwisha. Lakini sikutaka kona yangu ifichwe kama aibu. Nikasimama, nikafunua mfuniko mbele ya wote. Nikatia mkono ndani, nikatoa matandiko, na minyoo ikijikunja kwenye kiganja.

"Ni minyoo, shangazi. Inakula maganda ya nyumba hii na kulisha mboga yangu. Kuja unuse. Ikinuka vibaya, leo leo ninaitupa."

Shangazi alikuja polepole, ameshika pua kwa mtandio. Akainama. Akaachia mtandio. Akanusa tena.

"Inanuka udongo," akasema. "Udongo uliopata mvua."

Nikafunika ndoo, nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, nikagawa pilau.

Minyoo ikazaana. Miezi ikapita, matandiko yakageuka kuwa meusi, kartoni haionekani tena. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Nikasukuma mbolea upande mmoja wa ndoo. Upande wa pili nikaweka matandiko mapya na chakula. Minyoo ikahama yenyewe kufuata chakula, nami nikachota mbolea. Nikatia kiganja kimoja kimoja kwenye mifuko yangu. Lengalenga ikatoa majani mapana, ya kijani kabisa. Mtaroni hatutupi ganda tena.

Jana Tajudini alirudi na kartoni kubwa begani, zawadi yangu. Bibi Dalia alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni. Akanyoosha mkono, akamzuia. Akavuta kartoni, akaingiza uso wote ndani, akanusa.

"Oili," akasema. "Rudisha. Hapana kuleta oili mu kona yetu."

Nikatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Kona yangu, mama."

Alinitazama kama siku ile ya bombani. Mi sikushusha macho. Yeye ndiye aliyeanza kutabasamu.

"Sawa. Ni yako," akasema. "Lakini ile lengalenga ya leo, sahani ya kwanza ni yangu."