Mikono Miwili ya Kushoto

Kila siku nikitoka shule nilipitia dukani kwa shangazi, fundi cherehani, kuokota pini na kufagia vipande vya vitambaa. Siku hiyo jirani yake, mama muuza viatu, alikuja kujaribu blauzi. Kumbe shangazi alikata kitambaa bila kukikunja, na mikono yote miwili ya blauzi ilikuwa ya kushoto.

"Wee! Huu mkono unaelekea wapi?" jirani alilalamika.

"Vaa hivyohivyo! Kosa si langu, kosa ni la mwili wako!" shangazi alifoka kwa utani.

Wote wawili wakaangua kicheko, kisha shangazi akaufumua mkono ule na kukata mwingine.

Mimi nilikuwa nimerekodi kwa simu ya mama yangu. Nilikata kicheko, nikabakiza ufokaji, nikaiweka video kwenye ukurasa wa mtaa kwa jina la kubuni. Niliandika, "Fundi anawatukana wateja." Nilitaka tu video yangu ikae juu walau mara moja.

Ilikaa. Kesho yake ilikuwa ya kwanza kabisa, na chini yake matusi tupu. "Fundi gani huyu?" "Duka lifungwe!" Nilikasirika. Walimjua wapi shangazi yangu, watu hawa? Nyumbani kila mtu alishika simu. Mama alijibu, mjomba alijibu watu arobaini kabla ya chai, na bibi, asiyejua kuandika, alinitamkia mimi maneno makali niandike. Kadiri tulivyojibu, ndivyo video ilivyozidi kupanda.

Siku ya tatu, tukiwa dukani, muuguzi mkuu wa zahanati alituma ujumbe: sare thelathini za wauguzi zisishonwe tena. Shangazi alipiga meza kwa ngumi hadi mkasi ukaanguka. Ile ndiyo kazi aliyoitafuta mwaka mzima.

"Ngoja nimjibu na huyo!" mjomba alinguruma.

"Acha, mzee!" alisema fundi simu wa duka la pili, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mnajibu ili iweje? Mashine inayopanga ukurasa haijui haki wala dhuluma. Inahesabu tu. Tusi ni moja, utetezi nao ni moja. Penye kelele nyingi ndipo inapowaita watu wengine. Mnajua aliyeipandisha hii video? Nyinyi!"

Mjomba akakaa chini. "Kumbe tunazima moto kwa mafuta ya taa."

Sikuweza kuvumilia tena. "Ni mimi niliyeiweka," nilisema, machozi yakinitoka.

Shangazi alinitazama kwa hasira ambayo sijaisahau. "Kicheko changu ulikipeleka wapi?"

Niliifuta video ile, nikaweka nzima, yenye kicheko. Ilitazamwa na watu kumi na mmoja, wote ndugu zetu. Nani agombane na watu wanaocheka?

"Uongo wako tuliubeba sote bila kujua," shangazi alisema. "Ukweli utaubeba wewe, kwa miguu yako."

Nilienda zahanati. Muuguzi mkuu alinipokea kwa uso mkavu, akaitazama video mwanzo hadi mwisho, akaitazama tena. Nilimweleza nilichokata na sababu yake. Nilingoja anifukuze.

"Na mimi niliandika pale," alisema polepole. "Niliandika, 'Duka lifungwe.'"

Alichukua mkoba wake. "Twende kwa shangazi yako. Sare atashona yeye, na radhi nitamwomba mwenyewe." Mlangoni alisimama, akanishika bega. "Wewe ulikata, binti yangu, na mimi nikahukumu bila kuuliza. Ile mashine haina aibu. Sisi tunayo, basi tuitumie kabla ya kubonyeza."