Pengo Lililopakwa Rangi

— Kaisari, niambie ukweli. Nani aliziba hili pengo?

Gundi alikuwa amechoka hata kukasirika. Mbele yake, kwenye meza ya maabara, kilikaa kikombe cha Wagiriki wa kale alichokiunga kigae kwa kigae muhula mzima. Wenzake wa darasa la ustaarabu wa Wagiriki na Warumi ndio waliompa jina hilo la Gundi. Mchumba wake, wa darasa hilohilo, kwa kutembea kifua mbele wakambandika Kaisari.

Asubuhi mhadhiri alipitisha pamba yenye maji kwenye kikombe, ikatoka nyeusi kwa rangi. Kazi yao ina sheria: palipopotea huzibwa kwa plasta ya rangi iliyofifia, mtazamaji ajue kipi cha kale na kipi cha leo. Hapa palipakwa hadi pakafanana na pa kale. Mhadhiri akasema huo ni udanganyifu, mradi umefutwa na Gundi hahitimu. Kaisari alikuwepo, katulia kama maji ya mtungi.

— Ni mimi. Kigae kilinidondoka, kikawa unga. Nikaona nikiziba vizuri hutaumia moyo.

— Na mwalimu aliponiita mwongo?

— Niliogopa.

— Uliogopa! Mwezi ujao unanioa. Siku nikizama utakuwa unaangalia tu?

Gundi akavua pete, akaiweka kando ya kikombe, akaondoka. Hakulia. Hata kulia kunataka nguvu, na zake zilikuwa zimekwisha.

Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu.

“Nimemwambia mhadhiri kila kitu. Kanisimamisha masomo mwaka mzima. Mradi wako umerudishwa. Nimepita na kwa mama yako, nimemweleza nilichokufanyia.”

Gundi akapiga hapohapo.

— Umemweleza mama?

— Kanitukana wee, kisha kanipa chai.

Gundi akacheka bila kupenda. Bado alikuwa anampenda huyu mtu, na hilo nalo lilimchosha.

— Na harusi? Kaisari aliuliza kwa sauti ndogo.

— Iko palepale. Ila ndugu wakiuliza kwa nini hukuhitimu na mimi, utawajibu mwenyewe. Ukweli mtupu.

— Wote? Hata shangazi yako?

— Shangazi ndiye wa kwanza.

Kaisari akashusha pumzi.

— Nitamwambia.

— Basi kesho njoo maabara na hiyo pete. Pengo tunaliziba upya, na rangi utachanganya wewe.