Mkono Ule Umetuponza

Siku Lama mkuu, kiongozi wa dini yetu, alipokuja Ulaanbaatar, mji wetu mkuu, kutoka uhamishoni, ukumbi wa michezo ulifurika hadi watu wakawa wanapumua kwa zamu. Solongo alikuwa amebanwa karibu na mlango pamoja na bibi yake, kikongwe aliyevaa joho lake la sikukuu, na kikongwe analalamika kwa sauti: "Nimetoka nyumbani nije kutazama migongo ya watu?"

Mwanamume aliyekuwa mbele yao akageuka. Mabega mapana, koti la ngozi ya kondoo, kucha nyeusi kwa makaa ya mawe. Akachuchumaa.

"Panda, bibi."

"Nipande wapi, we mtoto?"

"Mgongoni. Lori langu na mimi tunabeba tani na tani za makaa, nitashindwa na wewe?"

Bibi akapanda, bila aibu hata chembe. Akamwona Lama, akalia, akambariki kila aliyekuwa karibu. Solongo naye, badala ya kumtazama mtakatifu, akajikuta anatazama shingo ya dereva. Jamani, moyo hauna adabu.

"Unaitwa nani, ngamia wa bibi?" akamtania walipotoka nje.

"Tumur. Na wewe, mwenye ngamia?"

"Solongo. Nashona majoho." Akamsogelea, maana siri ilikuwa inamwasha. "Lile la buluu atakalovaa rais kesho akikutana na Lama, nimelishona mimi."

"Acha uongo!"

"Lina vifungo vya fedha. Utaviona mwenyewe."

Aliviona. Nchi nzima iliviona. Picha ilitapakaa kila mahali: rais kainama ndani ya joho lile, mkono wake umo katika mkono wa Lama. Jirani yetu wa kusini, anayenunua makaa yetu, alikuwa ameshaonya kwamba atakayempokea Lama asije akalia. Sasa hakusema mengi. Alifunga lango la mpaka. Malori ya makaa yakasimama katikati ya jangwa la Gobi, msururu usioonekana mwisho, na la Tumur likiwemo.

Mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Supu ya kondoo. Jana supu ya kondoo. Kesho nasikia watabadilisha, tutapewa kondoo wa supu."

Solongo akacheka mpaka sindano ikamchoma. "Ona sasa, umenitoa damu!"

"Lete kidole nikibusu."

"Busu hapo hapo kwenye simu."

"Nimeshabusu. Sasa dereva wa lori la pili ananitazama vibaya."

Aliahidi kwamba sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu, haitapita kabla hajaja kumsalimia bibi rasmi na kumwomba mjukuu. Bibi akawa anauliza kila asubuhi, "Ngamia wangu hajafunguliwa?"

Kisha ikaja taarifa ya habari. Solongo na bibi walikuwa wanakunywa chai ya maziwa yenye chumvi, mara sura ya Tumur ikajaa kwenye televisheni, ndevu zimeganda barafu, anapaza sauti: "Mkono ule umetuponza!" Basi. Wakaingia kwenye utabiri wa hali ya hewa.

Bibi akaweka bakuli chini. "Huyu si yule aliyenibeba?"

Kumngoja mtu asiye na kitu Solongo angeweza, tena kwa furaha. Lakini mtu anayeulaani mkono ambao bibi yake alilia kwa kuuona tu kwa mbali, ataishi naye vipi nyumba moja?

Tumur akapiga. "Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Sisikilizi! Umemvunja moyo bibi yangu mbele ya nchi nzima. Kaa na makaa yako." Akakata, akamfungia namba.

Baadaye waziri mmoja akasema redioni kwamba serikali inasikitika na Lama hataalikwa tena. Bibi akaizima redio, akalala amegeukia ukuta. Solongo alilia juu ya joho la mteja, ikabidi alipige pasi upya. Ukweli ni kwamba alimkumbuka Tumur hadi akamchukia.

Mwezi Mweupe ulipokaribia, alikwenda soko kuu kununua hariri. Baridi ilikuwa inagandisha kope. Alivaa joho la kijani lenye ukosi wa manyoya ya mbweha, na alikuwa anabishana bei pale mtu alipomkanyaga mguu barabara.

"Aka! We kipofu?"

Akageuka. Tumur. Amekonda, midomo imepasuka kwa upepo. Kavua glavu moja, kanyoosha mkono.

Kwetu ukimkanyaga mtu, hata usiyemjua, mnapeana mkono papo hapo, la sivyo mmeshakuwa maadui. Hata walevi hawaachi. Wauza vitambaa wote wakawa wanautazama mkono ule.

"Umekusudia!"

"Nimekusudia. Tangu asubuhi nakutafuta nikukanyage."

"Kwani lango limefunguliwa?"

"Wanasema kesho kutwa. Mimi nimetoka kwenye foleni."

Solongo akashtuka. Dereva akitoka kwenye foleni hurudi mkiani, kana kwamba hajawahi kungoja. "Una wazimu? Umeteseka kote kule, halafu unatoka?"

"Namba umenifungia, ningefanyaje? Wale wa televisheni walinikata maneno, Solongo. Nilisema mkono ule umetuponza, na kweli tuna njaa, nisiseme? Halafu nikasema: lakini ningekuwa mimi rais, ningempa Lama mikono yote miwili. Hiyo hawakuionyesha."

Solongo akamkazia macho, akitafuta uongo. "Apa."

"Naapa kwa uzito wa bibi yako."

"Usinichekeshe, bado nina hasira!"

"Kasirika utakavyo. Ila nipe mkono, huu wangu unaganda."

Hakumpa. Aliinua buti lake akamkanyaga kwa kisigino, kwa nguvu zake zote. Tumur akapiga yowe, muuza hariri akapiga makofi.

"Na mimi nimekukanyaga," Solongo akasema, machozi yakimgandia mashavuni. "Sasa lete yote miwili."

Tumur akavua glavu ya pili.