Pazia la Dirisha la Mama

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Mama Usafi alipojiandaa kwenda kununua pazia. Jina hilo alipewa na majirani, nusu sifa, nusu kejeli, maana nyumba yake ilifagiliwa mpaka mgeni akaogopa kukanyaga. Kitu kimoja tu kilimharibia sebule: kitanda cha mama mkwe wake, pale chini ya dirisha la barabarani.

Kidonda cha mguu kilikuwa kimemlaza mama muda mrefu, na dirisha hilo ndilo lililokuwa dunia yake. Alisalimiana na wapita njia, akawauliza habari za watoto, akacheka nao. Ila siku hizi alikuwa anawaambia na mengine. Kwamba hajala. Kwamba shuka halijabadilishwa. Na kilichomchoma Mama Usafi ni kwamba yote yalikuwa kweli.

"Nakutafutia pazia zuri, mama," alisema akivaa viatu.

"Chukua jepesi, mwanangu. Nione watu."

"Sawa, mama."

Alidanganya bila hata kupepesa macho. Alitaka zito, la kuwakata wapita njia hamu ya kusimama. Futi ya kupimia hakuwa nayo, basi akaifungua bendeji ya mama mguuni, akapimia dirisha, akapiga fundo penye kipimo, akaitia mkobani. Angemfunga tena akirudi. Si muda mrefu...

Dukani, vitambaa vilining'inia kutoka darini hadi karibu na sakafu. Fundi wa mapazia alikuwa peke yake. Akamwonyesha viwili.

"Hiki chepesi, unaona nje na upepo unaingia. Hiki kizito, ukikifunga, mchana unageuka usiku."

"Nipe kizito."

Fundi hakushika mkasi. Alitupa jicho nyuma ya mteja wake, akashusha sauti.

"Na mama je, amekubali?"

"Mama yupi?"

"Huyo uliyeingia naye."

Mama Usafi alicheka, akageuka. Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza... Dawa ya kidonda. Ile ile aliyoipaka kila asubuhi haraka haraka, ameziba pua, ili amalize aondoke.

Kitambaa cha mwisho, kule ukutani, kilitikisika. Upepo haukuwepo.

Chini yake ilionekana miguu miwili.

Peku. Mmoja umevimba, kidonda kiko wazi.

"Jepesi, mwanangu..." Sauti ilikuwa ndogo, ya kubembeleza. "Nione watu..."

Neno moja tu lingetosha, na alilijua. Lakini aliwaona wale watu dirishani, wakimsikitikia mama mkwe wake kisha wakimgeukia yeye kwa jicho baya, na aibu ikaushinda hata woga.

"Kata kizito," alinong'ona.

Akaitoa bendeji mkobani, na fundi akainyoosha juu ya kitambaa.

Krrrp... krrrp...

Kule ukutani mtu alishusha pumzi. Ndefu.

Haikuvutwa tena.

Mama Usafi alikimbilia kile kitambaa, akakifunua. Ukuta mtupu. Hakungoja kushonewa hata pindo. Alilikumbatia furushi lake akatimua mbio hadi nyumbani.

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Ndani, jirani yao muuza mkaa alikuwa ameketi kando ya kitanda, akimfumba mama macho kwa vidole vyenye masizi.

"Tulikuwa tunaongea hapa hapa dirishani," alisema. "Akaniambia, 'Ngoja nimfuate mkwe wangu dukani, asije akakosea kuchagua.' Mimi nikacheka, si unamjua kwa utani? Mara akasinzia. Usingizini akawa anambembeleza mtu. Nani, sijui. Kisha kimya."

Mama Usafi alizidi kulikumbatia furushi.

"Lete hicho kitambaa tumfunike," jirani akasema, akakichukua mikononi mwake. Kilikuwa kimekatwa kwa kipimo cha dirisha, na kilimtosha mama kuanzia utosini hadi nyayoni.

Mumewe alifika kutoka kazini akilia wazi wazi kama mtoto. Watu wakawapisha, wakabaki wawili na marehemu. Akamshika mkewe mkono.

"Wewe ndiye uliyemtunza, mke wangu. Mimi nilikuwa mtu wa kurudi usiku tu. Sitausahau wema wako." Akafuta machozi. "Niambie, mama aliomba nini mara ya mwisho? Chochote kile, nitamtimizia."

Alitamani kumwambia yote, aanguke miguuni pake, alaaniwe yaishe. Akayatazama macho yale yaliyomwamini.

"Hakuomba kitu," alisema.

Pale mdomoni mwa mama, kitambaa kizito kikainuka kidogo, kikashuka, kikainuka tena.