Morven Azima Mashine

Kila Jumamosi saa moja asubuhi, kukiwa bado giza na baridi ya Desemba ikiuma masikio, Morven Geddes alivaa makoti mawili na kofia ya sufu, akavuka ua wa matope yaliyoganda kwenda kwenye banda la viazi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kusimama mwisho wa mkanda wa mashine, pale viazi vinapodondokea kwenye gunia, na kutoa vilivyooza. Kiazi kilichoanza kuoza ndani hakionekani kwa macho, ila kina uvundo wake, na katika banda zima hakuna aliyeunasa uvundo huo kama Morven. Walimwita Pua.

Shamba lao lilikuwa Angus, mashariki mwa Uskoti, na viazi vyao havikuwa vya kula. Vilikuwa vya mbegu, vya kupandwa na wakulima wa nchi nyingine. Baba yake alikuwa kazini baharini, kwenye mtambo wa mafuta, kwa hiyo msimu huo mama yake, Lorna, ndiye aliyekuwa akiendesha kila kitu, tena kwa kasi. Jumanne lori lingekuja kuchukua magunia makubwa ishirini na manne ya kwenda Hispania. Mwaka mpya ukiingia, Uingereza itakuwa imeachana kabisa na soko la Ulaya, na hakuna aliyejua kama mbegu za Uskoti zitaruhusiwa tena kuvuka.

"Watatuongezea muda," alisema mzee Wattie, akirusha kiazi kibovu kwenye ndoo. "Hispania wanataka viazi, sisi tunavyo. Kuna shida gani?"

Wattie alikuwa na miaka sitini na minane, na alikuwa amefanya kazi kwenye banda hilo tangu enzi za babu yake Morven. Kifua chake kilikuwa kibovu kwa vumbi la miaka mingi. Barakoa alikuwa nayo, ila ilikaa chini ya kidevu.

"Shida ni wewe," alijibu Rositsa, mama wa Kibulgaria aliyekuja kila msimu. "Nani alipiga kura mjitoe Ulaya?"

"Nilipiga, na nikiulizwa leo napiga tena! Nimechoka kuambiwa na watu wa mbali kiazi changu kiwe na upana gani."

"Kwa hiyo ulipiga kura mimi nirudi kwetu?"

"Wewe? Thubutu! Akija mtu kukuchukua, namfungia kwenye ghala la baridi."

Rositsa akacheka. "Basi pandisha barakoa, mzee. Ukifa, nani atamfungia?"

"Kidevu changu hakijawahi kuugua tangu nianze kukivalisha," alisema Wattie, na hata Lorna, aliyekuwa akifunga gunia, alitabasamu kidogo. Kisha Wattie akabadilika uso. "Mjukuu wangu kazaliwa Septemba kule Glasgow. Nimemwona kwenye simu tu. Korona hii, mara kaeni ndani, mara msikutane zaidi ya watu sita, mara msivuke wilaya. Krismasi hii nakwenda kumbeba, waseme wanachotaka."

Hapo ndipo Rositsa aliporuka nyuma na kuziba pua juu ya barakoa yake. "Mungu wangu! Nini hiki?"

Kiazi kilikuwa kimepasuka mbele ya Morven. Ute wa kahawia ulikuwa unachuruzika kwenye glavu yake. Wattie aliyekuwa mbali zaidi naye alikunja uso.

"Ee Pua, umelala? Hicho kinanuka mpaka kanisani!"

Morven alikitazama kiazi, akakisogeza puani. Hakusikia kitu. Alivuta pumzi tena, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Hewa iliingia baridi na tupu.

"Nilikuwa nawaza," alisema, akakitupa.

Wakati wa chai alikimbilia jikoni. Bibi Effie, mama wa mama yake, alikuwa anakaanga vitunguu vya mchuzi wa nyama ya kusaga. Morven aliinamia sufuria mpaka mvuke ukamlowesha kope. Hakuna. Akafungua chupa ya siki. Hakuna. Akafungua kopo la kahawa, akarudia siki. Hakuna.

"Unatafuta nini, kipenzi?" aliuliza bibi.

Morven alirudi nyuma hadi mlangoni, mbali naye. "Sitafuti kitu, bibi."

Kaka yake, Fraser, wa miaka kumi na mitano, alikuwa uani akijaza mafuta kwenye trekta. Morven alimweleza akiwa amesimama mbali. Fraser alitazama huku na huku.

"Umemwambia mama?"

"Bado."

"Usimwambie. We sikiliza, Morv. Ukisema tu, wote tunafungiwa ndani. Siku kumi! Lori linakuja Jumanne. Nusu ya viazi bado havijachambuliwa. Mwaka mzima wa kazi unaozea bandani. Kaa kimya mpaka Jumanne, basi. Siku tatu tu."

"Na Wattie je? Na bibi?"

"Wattie hata yeye hazijali hizo sheria. Si umemsikia?"

Fraser hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameamka saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa miezi miwili, kabla ya shule, na mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Morven alijua hivyo, na ndiyo maana alirudi kwenye mkanda bila kusema neno.

Alipandisha barakoa mpaka chini ya macho na kusogea pembeni kadiri alivyoweza. Viazi vikapita. Akajaribu kuvihesabu ili asiwaze. Lakini Wattie alikohoa, kile kikohozi chake cha siku zote, cha ndani sana, kisha akamsogelea kabisa na kutoa simu mfukoni.

"Hebu mtazame huyu. Jana kaanza kucheka. Ana sura yangu, maskini!"

Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mtoto mnene asiye na jino hata moja. Wattie alikuwa amesimama karibu sana, mdomo wazi, akimcheka mjukuu wake.

Morven aliruka pembeni, akanyoosha mkono na kubonyeza kitufe chekundu.

Mkanda ulisimama. Kelele zilizokuwa zimejaa bandani tangu alfajiri zilikatika ghafla, viazi vichache vikaviringika na kutulia.

"Nani kazima?" aliita Lorna. "Tuna kazi hapa!"

"Mimi," alisema Morven. "Sisikii harufu. Tangu asubuhi. Nimenusa siki, nimenusa kahawa, sisikii chochote. Nadhani nina korona. Naomba msinisogelee."

Rositsa alirudi nyuma mpaka ukutani. Lorna aliiacha kamba ya gunia na kutikisa kichwa.

"Ni mafua," alisema. "Banda hili lina baridi, kila mtu ana mafua. Washa mashine, tutazungumza jioni."

"Siwashi."

"Morven!"

"Siwashi, mama. Ninyamaze tena mpaka jioni? Nimeshanyamaza saa mbili, na zimenitosha."

"Binti, mimi nimefanya kazi na mafua miaka hamsini," alisema Wattie. "Kwa ajili yangu usi..."

"Si kwa ajili yako peke yako!" Sauti ya Morven ilitetemeka lakini haikushuka. "Unataka kwenda Glasgow umbebe mtoto. Utampelekea nini? Kasirika ukitaka. Kasirikeni wote. Mashine haiwaki." Naye akasimama mbele ya kitufe, mikono ameikunja, ute wa kiazi umekaukia kwenye glavu.

Lorna aliyatazama magunia yaliyojaa, kumi na matatu, na nafasi tupu ya mengine. Kisha akavua glavu zake taratibu.

"Tokeni nje wote," alisema. "Simameni mbalimbali. Rositsa, acha milango wazi."

Alasiri hiyo hiyo walipanga foleni ya vipimo mjini, kila familia na gari lake. Morven alikuwa nao ugonjwa, na Fraser, na Lorna, na Bibi Effie. Bibi alilala na homa siku nne, na katika siku hizo hakuna aliyezungumzia viazi. Morven alikaa chumbani akimsikiliza akihema ng'ambo ya ukuta, akifikiria zile saa mbili za kunyamaza. Siku ya tano bibi alidai chai, akalalamika kuwa ni nyepesi, na nyumba nzima ikapumua.

Jumanne lori lilikuja. Dereva hakushuka. Jirani yao, ambaye Lorna alimpigia simu kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu, alileta mashine yake ya kunyanyulia na kupakia yale magunia kumi na matatu. Yalifika Hispania kabla ya mwaka kwisha. Mengine hayakufika popote. Januari ilipoingia mlango wa Ulaya ulifungwa kwa mbegu za Uskoti, muda haukuongezwa, na viazi vilivyobaki viliuzwa kwa bei ya chakula cha ng'ombe.

Wattie na Rositsa hawakuwa na ugonjwa. Walikaa ndani siku zote walizoambiwa, Wattie akilaani serikali mbili, ya Uskoti na ya Uingereza, kwa zamu kwenye simu. Siku ya Krismasi, siku moja pekee iliyoruhusiwa, alikwenda Glasgow.

Mwisho wa Januari Lorna na Morven walikuwa wakifagia banda. Fraser alikuwa juu ya trekta nje. Lorna aliegemea ufagio.

"Siku ile nilikwambia uwashe mashine," alisema. "Nimeifikiria sana. Nilikuwa nimekosea, na nilikuwa mkubwa kuliko wote mle ndani baada ya Wattie, na ndimi niliyepaswa kuwa wa kwanza kuizima. Watu wana haki ya kubishana kuhusu sheria, kuhusu Ulaya, kuhusu barakoa, mpaka wachoke. Lakini ukijua una kitu kinachoweza kumdhuru mwenzako, hapo hakuna maoni tena. Unamwambia, hata kama wakubwa wako wanakukataza. Hata kama ni mimi."

"Na viazi, mama?"

"Vilipotea vingi. Sitakudanganya, viliniuma." Lorna aliunyanyua ufagio. "Aprili tunapanda vilevile. Wakifunga Hispania, tutabisha hodi Misri. Wakifunga Misri, tutabisha kwingine. Na wewe fagia huko kona, unanidanganya na huo ufagio."