Nyanya Alipokataa Kutasa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kumpelekea Nyanya Zipporah uji. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya yetu, kule Ronge, kati ya migomba na matuta ya mahindi. Miaka mingi imepita, lakini nikiukumbuka ukungu wa vilima vile na moshi wa jiko lake, natamani kurudi hata kwa siku moja.

Nyanya alikuwa na utani mwingi. "Wakio, uji huu umeupika au umeutishia moto tu?" angeniuliza, nami ningecheka njia nzima hadi shuleni. Mchana kutwa alibana ugoro ndani ya mdomo wa chini. Tumbaku yake aliipanda mwenyewe nyuma ya jiko, na harufu yake niliipenda kwa sababu ilikuwa harufu ya Nyanya.

Mwaka wa 1974, Mama aliing'oa tumbaku ile, akisema ugoro utamdhuru Nyanya, akapanda kabeji. Siku zilivyokwenda, utani wa Nyanya ukapungua. Uji aliuacha upoe kabisa ndipo anywe, na mahindi ya kuchoma, aliyoyapenda sana, alitugawia sisi watoto.

"Amenikasirikia," Mama alimwambia Baba.

Kwetu Utaita, hasira ya mzee haikuwa jambo dogo. Watu waliamini kwamba ikifichwa moyoni huwaletea wa nyumbani maradhi na mikosi. Ili itoke, ilibidi mzee atase: anatia kinywani funda la maji au la maji ya miwa, analipuliza nje kama manyunyu, kisha anatamka baraka. Hata sisi tuliokwenda kanisani kila Jumapili tuliifuata desturi hiyo.

Januari ilipofika, dada yangu Elsie aliitwa kidato cha kwanza. Alikuwa msichana wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na nyumba nzima ilijaa furaha. Mama alikamua miwa, akamwomba Nyanya amtasie Elsie kabla hajaondoka.

"Nitamwombea kimoyomoyo," Nyanya alijibu akiwa ameinama. "Kutasa, hapana."

Mama aliangua kilio. "Mama, kama ni ile tumbaku, nisamehe! Mtoto ana kosa gani?"

Elsie alilifungua sanduku lake la bati na kuanza kutoa sare, moja baada ya nyingine. "Siendi," alisema. "Siwezi kwenda na hasira ya Nyanya mgongoni."

Nyanya alipoona hivyo, alinyoosha mkono akachukua kibuyu cha maji ya miwa. Alipiga funda moja. Hapo hapo uso ukamkunjamana, akashika shavu, na maji yote yakamwagika kifuani.

"Amemkatalia baraka!" Mama alipiga kelele.

Mimi nilikuwa karibu, nikaona wekundu kwenye nguo yake. "Si hasira, Mama!" nilisema kwa sauti. "Ni damu! Nyanya anaumwa mdomo. Ndiyo maana hanywi uji wa moto!"

Baba alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mama, hebu fungua mdomo."

Ndani ya mdomo wa chini, pale pale alipokuwa akibana ugoro, palikuwa na kidonda kigumu. Nyanya alianza kulia. "Kina miezi sasa. Hakikuwa kikiuma hapo mwanzo. Niliona haya, nikajua mtasema ni ugoro."

Siku iliyofuata tulimpeleka zahanati. Muuguzi Tryphena alimulika kidonda kwa tochi, akakigusa taratibu, kisha akatuketisha.

"Huenda hii ni saratani, ambayo wengi huiita kansa," alisema. "Daktari atakata kipande kidogo akipime ndipo tujue. Ugoro na sigara huweza kuileta mdomoni, na pombe huzidisha hatari. Si kila saratani tunajua chanzo chake, lakini hailetwi na hasira ya mtu, wala haiambukizi. Mpeni uji wake, mkumbatieni."

"Kwa nini hatukujua mapema?" Baba aliuliza.

"Kwa sababu mara nyingi huanza bila maumivu. Kidonda kisichopona kwa wiki tatu, uvimbe unaokua, damu inayotoka pasipo sababu, kukonda bila kujua kwa nini: mtu akiona hayo, aje haraka. Pengine si saratani, lakini aje."

Vipimo vya hospitali vilithibitisha kuwa ni saratani, na Nyanya akatakiwa kwenda kutibiwa Nairobi. Aliogopa sana. "Nitarudi ndani ya jeneza," alisema.

Tryphena hakumbembeleza. "Ukikaa hapa, Nyanya, ugonjwa hautakaa. Utasonga mbele. Sasa hivi bado una nafasi."

Elsie, aliyejua sasa kwamba kilichomzuia Nyanya kutasa ni kidonda, alikwenda shule, na Baba akampeleka Nyanya Voi kupanda gari moshi. Nilimlilia kila asubuhi nilipopita mbele ya mlango wake uliofungwa. Alifanyiwa upasuaji, akachomwa kwa miale ya kuua saratani, na mahindi yalikuwa yamekomaa aliporudi. Alikuwa amekonda, mdomo umekwenda upande, lakini alikuwa hai. Ugoro hakuugusa tena.

Jumapili moja baada ya ibada, alisimama mbele ya akina mama wenzake.

"Mke wa mwanangu aling'oa tumbaku, nikamwona adui," alisema. "Kumbe alinitakia uzima. Kidonda nikakificha kwa haya, na haya hizo zilikaribia kuniua. Acheni ugoro. Na mwenye kidonda asikifiche. Mwili ukikuambia kitu, mwambie muuguzi."

Wengine walitazama chini. Jirani yetu Dinah, aliyekuwa akinusa na kubana ugoro tangu ujana, alisimama polepole. Alimsogelea Nyanya, akauvuta mdomo wake mwenyewe wa chini, akaonyesha doa jeupe.

"Zipporah," alinong'ona, "naogopa."

Nyanya alijifunga leso vizuri kiunoni, akamshika mkono.

"Hata mimi niliogopa," alisema. "Kesho twende wote kwa Tryphena. Njia naijua."